Kazi za Juani Ghuba: Anachopaswa Kukufanyia Mwajiri

Wengi tunaokuja huku tunasoma mkataba hadi kwenye mshahara, basi. Joto tunalidharau: "Mimi nimekulia Mombasa, jua litanifanya nini?" Mwili, hata wa mtu wa pwani, unahitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto la Doha, na wageni ndio huanguka kwanza. Ukipangiwa kubeba zege kutwa nzima siku ya kwanza, mwambie msimamizi mapema kwamba ndiyo kwanza umeingia.

Qatar, tangu 2021, kazi za nje ni marufuku kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, 1 Juni hadi 15 Septemba. Oman ni saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Emirati na Saudia nao wana saa zao.

Lakini joto haliangalii saa. Sheria ya Qatar inatumia pia kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, upepo na ukali wa jua. Kikivuka nyuzi 32.1, kazi inasimama, iwe saa ngapi. Usikichanganye na nyuzi za kwenye simu: siku ya unyevu mwingi kinaweza kufika huko simu ikionyesha 36 tu. Muulize msimamizi kifaa kiko wapi na nani anakisoma.

Qatar, mwajiri anapaswa kuzikagua hatari za joto pamoja na wafanyakazi, kutoa maji baridi bure, kivuli, mafunzo, na kupimwa afya kila mwaka bila kukutoza. Ratiba ya saa za kazi ibandikwe panapoonekana. Walinzi wa getini, ninyi ndio mnaosahaulika. Kibanda cha bati kisicho na hewa nacho kinaua.

Ukiona joto linakutishia, sheria ya Qatar inakuruhusu kusimamisha kazi na kulalamika Wizara ya Kazi. Usiondoke kimyakimya. Mwandikie msimamizi ujumbe wa WhatsApp, saa ionekane, na uuhifadhi. Picha piga za ratiba. Za eneo la ulinzi zitakuletea kesi nyingine.

Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba, hata kama bado anatoka jasho, piga 999 ukiwa Qatar (Oman 9999). Mweke kivulini, mvue buti na fulana nzito, mmwagie maji, mpepee. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.