Jalapeño za jibini za kuoka, kwa namna ninavyozipika Houston

Nusu za pilipili za kijani zimelala chali kwenye trei, kila moja imeshiba jibini iliyopata wekundu juu, vikonyo vimeachwa ili mtu apate pa kushikia. Hapa Texas utazikuta kwenye sherehe, kwenye mechi, kwa majirani siku ya kuchoma nyama; jalapeño ndiyo pilipili rasmi ya jimbo hili tangu 1995. Migahawa mingi huzivisha chenga za mkate na kuzizamisha kwenye mafuta. Mimi naoka. Kukaanga kunaipa pilipili ganda nene mpaka ladha yake inapotea, lakini oveni inaikunjakunja ngozi, inaichomoza sukari yake kidogo na kuacha ile harufu ya pilipili iliyopita kwenye moto. Ramadhani huwa nazipanga kwenye sinia moja na sambusa, na sambusa ndizo zinazobaki.

Nikuambie mapema ninachokiamini: usiinyang'anye pilipili ukali wake wote. Maelekezo mengi yanataka ukwangue ndani mpaka pabaki peupe. Hakuna haja, kwa sababu kutuliza ni kazi ya jibini. Kinachowasha kwenye pilipili ni kapsaisini, nayo haiyeyuki kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta, na protini ya maziwa iitwayo kasini huikamata na kuibandua ulimini. Ndiyo maana mtu aliyeungua mdomo hupoa kwa maziwa au mtindi, wakati glasi ya maji inamzungushia moto tu. Ukijaza pilipili jibini, umeshatia dawa ndani ya ugonjwa. Kama hutaki kuwashwa hata kidogo, nunua hoho, na sitakulaumu, ila chakula hicho ni kingine.

Kuchagua dukani kuna maana kubwa. Kwenye maduka ya H-E-B na Fiesta jalapeño zinamwagwa wazi kwenye masanduku, unachagua moja moja na kulipa kwa uzito, kwa hiyo usione haya kuchambua. Tafuta zenye urefu wa sentimita 7 hadi 9, nene mabegani, ngumu, nzito mkononi. Nyembamba hazibebi jibini. Zilizolegea zitakuwa tepetepe kabla jibini haijaiva. Kisha tazama ngozi. Nyingine ni laini na zinang'aa, nyingine zina michirizi midogo ya rangi ya majani makavu. Jirani yangu ni mama wa Kimexico kutoka Veracruz, jimbo ambalo mji wake mkuu, Xalapa, ndio ulioipa pilipili hii jina. Yeye huchukua zenye michirizi tu. Michirizi ni dalili kwamba pilipili imekomaa mtini, na mara nyingi ndiyo kali zaidi. Mimi nachanganya: zenye michirizi za watu wazima, laini za watoto, na wakati wa kupanga trei naziweka upande upande.

Usishangae pia ukinunua kwenye sanduku lile lile wiki mbili tofauti ukapata ukali tofauti. Kwenye kipimo cha ukali alichobuni Wilbur Scoville mwaka 1912, jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, na hiyo ni tofauti kubwa kwa pilipili ya jina moja. Mmea uliopata kiu hutoa pilipili kali kuliko uliokunywa maji vizuri. Na zipo jalapeño zilizozalishwa makusudi ziwe za upole; mtafiti Benigno Villalón wa chuo kikuu cha Texas A&M alizalisha aina ya namna hiyo kule Weslaco, kusini kabisa mwa jimbo. Basi onja kabla hujajaza. Kata kipande chembamba karibu na kikonyo, kiguse ulimi. Ukionja nchani utadanganyika, maana huko ndiko kupole.

Mahitaji ya trei moja ni haya: jalapeño kubwa 12, ambazo zitatoa nusu 24, pakiti moja ya jibini laini ya krimu, gramu 226, jibini ya cheddar iliyokomaa, gramu 115 hivi, uiparuze mwenyewe, vitunguu vya majani viwili, punje moja ya thomu iliyopondwa, robo kijiko cha chai cha bizari nyembamba ya unga, pilipili manga kidogo, chenga za mkate mkavu vijiko vitatu vya chakula, uzichanganye na kijiko kimoja cha siagi iliyoyeyushwa. Chumvi nasita kuitaja, kwa sababu cheddar ina chumvi yake. Changanya kwanza, onja, ndipo uamue.

Nasisitiza uparuze mwenyewe. Jibini inayouzwa tayari imeparuzwa hupakwa wanga ili isishikane ndani ya mfuko, na wanga huo unaizuia kuyeyuka ikawa laini. Na usitumie jibini za kuchomeka kama paneer au halloumi: hizo hazijaumbwa kuyeyuka, zitakaa ndani ya pilipili kama zilivyoingia. Krimu peke yake haitoshi pia, ni laini lakini haina nguvu ya ladha. Cheddar peke yake hutoa mafuta na kutiririka. Ndiyo maana zinaoana: krimu inaishika cheddar isikimbie, cheddar inaipa krimu ladha. Toa ya krimu kwenye friji mapema kiasi ilegee, ichanganye na vingine vyote isipokuwa chenga za mkate, kisha irudishe kwenye friji nusu saa. Mchanganyiko wa baridi unachelewa kuyeyuka, na huko kuchelewa kunaipa pilipili muda wa kuiva.

Vaa glovu. Hata kama umekulia Tanga ukaponda pilipili mbuzi kwenye kinu tangu utotoni, vaa. Kupasua pilipili 12 na kuzichokonoa ndani ni tofauti na kukatia moja kwenye kachumbari. Kapsaisini inaingia kwenye ngozi na kwenye kucha, na utaikumbuka usiku ukijifuta jicho au ukitoa lenzi. Ukikosa glovu, paka mikono mafuta ya kupikia kwanza. Ukimaliza, isugue tena kwa mafuta, ndipo ufuate sabuni. Usisuuze mbao na kisu kwa maji ya moto yanayofuka, ule mvuke utakukohoza wewe na aliyeko sebuleni.

Sasa kukata. Jalapeño nyingi zimepinda, na ukikata ovyo utapata nusu mbili zinazobingirika kwenye trei na kumwaga jibini. Ilaze pilipili kwenye ubao ikiwa imeinua mgongo, mpindo ukiangalia juu, halafu pitisha kisu katikati ya mgongo kuanzia kwenye kikonyo mpaka nchani. Utapata nusu mbili zinazofanana na zote zinalala sawasawa. Pasua kikonyo chenyewe katikati, usikiondoe. Kinaziba mlango jibini isitoke upande ule mpana, na baadaye ni cha kushikia. Ikiwa bado moja inayumba, iegemeze kwenye foili iliyofinyangwa. Wapo wanaokata kifuniko juu na kuichimba pilipili nzima kama mtungi. Inapendeza kwa macho, lakini huoni ndani, huwezi kupima ukali, na jibini ya katikati inakawia kupata moto.

Kwa kijiko kidogo cha chai ondoa mbegu zote, kwa kuwa zinakera menoni. Ila jua kwamba ukali hauko kwenye mbegu. Uko kwenye ule utando mweupe unaozishikilia, na mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana nao. Huo utando ndio usukani wako. Kwa wageni nisiowajua nauondoa karibu wote na kubakiza kidogo chini ya kikonyo. Kwa nyumbani naacha nusu yake. Kwa mume wangu natoa mbegu tu, utando nikauacha ulivyo, na hizo naziwekea alama kwa kuzinyunyizia bizari juu, asije mtoto akazibeba.

Hatua inayofuata wengi wanairuka na ndiyo inayoamua mambo. Washa oveni nyuzi 400 za Fahrenheit, yaani 200 na kidogo za Selsiasi. Zipake pilipili mafuta kidogo sana, zipange kifudifudi, zikiwa tupu, kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, uzitie ndani kwa dakika 7 au 8. Pilipili mbichi ina maji mengi. Ukiijaza ikiwa mbichi, maji hayo yatatoka wakati jibini inayeyuka na utakuta kidimbwi chini, ngozi ngumu, na jibini inayoelea. Zikitangulia kuoka zinatema maji, zinalegea, na muda wa pili unakuwa wa jibini peke yake. Zitoe, zigeuze chali, futa unyevu uliobaki ndani kwa karatasi ya jikoni, uziache zipoe.

Jaza usawa wa ukingo, usipandishe mlima. Kijiko kimoja cha chakula kwa nusu moja kinatosha, na jibini ikichemka inavimba, itahitaji nafasi. Isukume kwa mgongo wa kijiko ifike nchani. Nyunyiza chenga za mkate juu, bonyeza kidogo, rudisha kwenye oveni kwa dakika 12 hadi 15. Zimeiva pale ambapo pembeni jibini inatoa mapovu, chenga zimepata wekundu, na ngozi ya pilipili imekunjamana huku ikiwa bado na kijani chake. Kama juu bado pamepauka, washa moto wa juu dakika moja au mbili, ukiwa umesimama hapo hapo. Usiondoke kupokea simu.

Ukipenda nyama, wauzaji wa nyama halali hapa Houston wanakata bekoni ya ng'ombe. Kata ukanda mwembamba, uzungushe mara moja tu, acha chenga za mkate, na uongeze muda ufike dakika 20 au 25, mpaka nyama ikauke kingo. Mimi naipenda zaidi bila nyama, kwani nyama inataka isikilizwe yeye.

Subiri dakika 10 kabla ya kuandaa. Jibini iliyotoka motoni inaunguza kaakaa vibaya kuliko pilipili, na ikitulia kidogo inashikana badala ya kumwagika kidevuni. Pembeni weka mtindi wenye chumvi na kotmiri, na ndimu ya kukamulia. Ndimu inakata mafuta, usiiache.

Wifi yangu aliyeko Tanga aliniomba maelekezo, na yeye hana oveni wala jalapeño, kwa hiyo tuliyapanga upya kwa simu. Kuhusu pilipili: tumia zile ndefu nene za kijani ukizipata sokoni. Pilipili mbuzi usithubutu kuijaza, ni ya ukoo wa habanero, ambao kwenye kipimo kile cha Scoville huanzia 100,000 na kufika 350,000, na jibini haiwezi kubeba mzigo huo. Lakini itumie kwa akili: chukua hoho ndogo, zipasue, kisha katia kipande cha pilipili mbuzi ukubwa wa ukucha, kilichokatwa laini kabisa, ndani ya jibini ya trei nzima. Harufu yake nzuri itatembea kote.

Badala ya jibini ya krimu, chuja mtindi mzito. Lita moja, mimina kwenye kitambaa safi cha pamba, funga, uning'inize juu ya bakuli kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta donge laini. Koroga ndani yake kijiko cha chai cha unga wa ngano, maana mtindi ukipata moto peke yake hukatika. Jibini ngumu iwe ya aina ya gouda changa, inayeyuka vizuri. Walioko Goma na Bukavu wana jibini ya Masisi mlangoni kwao, nayo ni ya tabia hiyo hiyo.

Moto, ni ule ule wa mkate wa kumimina: makaa machache chini, mengi juu. Pasha sufuria nzito ikiwa tupu, weka ndani kisahani cha bati kilichopinduliwa ili trei isigusane na moto wa chini, panga pilipili zako, funika kwa mfuniko bapa na upalie makaa juu. Pilipili tupu kwanza, kisha zilizojazwa, kama kwenye oveni, ila funua kila baada ya dakika 5 utazame, kwa kuwa makaa hayana namba ya kusoma. Alinitumia picha. Zilipata wekundu kuliko zangu.

Unaweza kuzijaza jana yake, ukazifunika kwenye friji na kuzioka wageni wakifika. Za friza zigandishe kwanza zikiwa zimepangwa kwenye trei, zikishakuwa ngumu ndipo uzitie mfukoni, la sivyo zitashikana. Zioke zikiwa zimeganda vivyo hivyo, nyuzi zile zile, ukiongeza kama dakika 8, na chenga za mkate uziweke wakati huo. Kiporo kirudishe kwenye oveni au kwenye kikaango kilichofunikwa, moto mdogo, mpaka jibini ilainike tena. Maikrowevu huilegeza pilipili na kuitoa jibini mafuta.