Somo: Kutembelea Familia Yenye Shida, Hatua kwa Hatua

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Somo hili ni la wanaojiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo katika parokia zetu za Mombasa, Likoni hadi Mikindani. Frédéric Ozanam alikuwa na miaka 20 alipokianzisha na wenzake Paris, 1833, na Sista Rosalie Rendu ndiye aliyewaelekeza kwa familia maskini. Kazi ni ileile: kwenda nyumbani kwa mtu.

Hatua ya 1. Ulizeni jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya waumini wa mtaa mmoja. Majirani ndio wanaojua nani amelala njaa. Jina lisitangazwe kanisani.

Hatua ya 2. Nendeni wawili, na pigeni simu kwanza. Kibarua wa bandarini aliyetoka shifti ya usiku hulala mchana. Kwa mama anayeishi peke yake, mmoja wenu awe mwanamke.

Hatua ya 3. Pigeni hodi, ketini, sikilizeni. Hapa msiharakishe hata kidogo. Ukitua mfuko wa unga, ukasali na kuondoka, hujamtembelea mtu, umepeleka mzigo. Anayeomba unga pengine amefungiwa chumba kwa kodi, au dawa za presha zimemwishia, na hayo hayasemi dakika ya kwanza. Akikukaribisha chai ya mkandaa, kunywa. Naye ana haki ya kukirimu mgeni kwake. Msiandike mbele yake.

Hatua ya 4. Lipelekeni jambo mkutanoni, muamue pamoja. Ikiwa ni kodi, mlipeni mwenye nyumba. Ikiwa ni karo, ilipwe shuleni.

Hatua ya 5. Rudini, hata mkiwa mikono mitupu.

Maswali ya wanachama

Swali: Tukikuta familia ni Waislamu?
Jibu: Tunasaidia bila kuuliza dini. Salimieni kwa adabu, msilazimishe sala. Mwezi wa Ramadhani pelekeni vitu mapema, mama apate kuandaa futari.

Swali: Mfadhili anataka picha za tunaowasaidia.
Jibu: Mwonyesheni risiti na hesabu. Uso wa mtu mwenye shida si risiti. Nalisema hili kwa uchungu, maana watoto wao wana simu na watawaona wazazi wao humo.

Swali: Kuna mzee anaomba kila wiki, tumkatalie?
Jibu: La. Kaeni naye tena mjue kinachomrudisha. Kama hana mtoto wala pensheni, ataomba kila wiki, nasi tumpangie kila wiki.