Usinunue cherehani kabla hujapiga matundu ya vifungo pale pale dukani

Mafundi wenzangu, ile cherehani nyeusi ya kukanyaga tuliyojifunzia inashona mstari ulionyooka tu, na tundu la kifungo linataka zigizagi, yaani sindano icheze kushoto kulia. Kama haichezi achana nayo hata muuzaji aape vipi.

1. Beba vyako. Mimi hupitia soko la Owino hapa Kampala kwanza nachukua vipande vya tetroni ya yunifomu na kitenge, naweka vilini, kile kitambaa cha kukazia, katikati, na vifungo viwili, chembamba cha shati na kinene cha koti. Kale kakitambaa kagumu ka muuzaji usikaamini, pale kila mashine inashona vizuri.

2. Uliza tundu linapigwa kwa hatua ngapi. Ya hatua moja unaweka kifungo nyuma ya mguu wa mashine wa kupigia matundu, unashusha kawaya kale pembeni, unakanyaga, inamaliza yenyewe. Ya hatua nne unazungusha swichi mwenyewe, upande, kichwa (yaani mwisho wa tundu), upande, kichwa. Si mbaya, ila usipochora chaki matundu ya shati moja yatatofautiana.

3. Piga matundu matatu mfululizo, sio moja, halafu la nne piga karibu na mshono mnene maana hapo ndo nyingi zinakwama. Angalia zile pande mbili, uzi ushikane bila kurundikana, na katikati pabaki njia ya wembe. Upande mmoja ukijaa na mwingine una mapengo, uliza kama ina skurubu ya kubalansi, kama haina rudisha pesa mfukoni.

4. Uzi wa chini ukichungulia juu, angalia boksi la bobini, yaani kile kigurudumu cha uzi wa chini. Yale ya chuma mengine yana kidole chenye kitundu, pitisha uzi humo, unakaza kidogo na tundu linatoka limeinuka vizuri.

5. Soma kibati cha umeme! Za mtumba za Japani ni volti 100, kwetu ni 240. Banange, yaani jamani, mimi nilichomeka moja bila kusoma, moshi ukatoka sijashona hata pindo, na mteja wa gauni la gomesi amekaa ananitazama.

Ukifika kukata, chomeka pini kwenye kichwa cha tundu kwanza, wembe uishie hapo, na anza katikati kwenda nje.