Taa za kuinuka zikigoma: namna ya kuzitengeneza bila kukimbilia mota mpya

Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, ina taa kubwa za mbele ambazo hulala ndani ya bodi na kuinuka pale tu dereva anapozihitaji. Taa hizo zikigoma, wengi wetu hapa Dar es Salaam huelekea moja kwa moja Gerezani kutafuta mota ya mtumba. Naomba safari hiyo uiache iwe ya mwisho. Mota hizi ni imara, na mara nyingi kinachoharibika ni viungo vya waya vinavyozipelekea umeme, au grisi iliyokauka ndani yake baada ya miaka thelathini. Kwa gari linalolala Msasani au Kigamboni, ambako upepo wa bahari huleta chumvi usiku kucha, viungo vya waya ndivyo vya kushuku kwanza.

Kabla ya kushika spana ni muhimu kuelewa mfumo wenyewe. Kila taa ina mota yake, nayo huzunguka upande mmoja tu. Kwenye mhimili wake kuna mkono mfupi uliounganishwa na fito inayoshika taa, hivyo nusu ya mzunguko huinua taa na nusu inayofuata huishusha. Ndani ya mota kuna kisahani cha shaba kinachozunguka pamoja na gia, ambacho hukata umeme taa inapofika juu kabisa au chini kabisa. Ukilielewa hilo, gari litakueleza lenyewe linaumwa wapi. Taa zote mbili zikikataa, tatizo liko kwenye sehemu zinazotumika kwa pamoja, yaani fyuzi, swichi au rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme). Ikikataa moja, chunguza plagi, waya na mota ya upande huo. Taa inayopanda na kushuka bila kukoma huashiria kisahani cha shaba kilichochafuka au rilei iliyonata, na ile inayopanda kwa kujikokota ina umeme hafifu au gia zilizokauka.

Anza na fyuzi, ambayo kwenye MX-5 imo katika kisanduku kilicho chini ya boneti na kifuniko chake kimeandikwa RETRACTOR. Ni ya ampea 30, na ikiungua usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya, kwa sababu mota iliyokwama huvuta umeme mwingi wa kutosha kuyeyusha nyaya. Fyuzi ikiwa nzima, bonyeza swichi ya kuinua taa iliyo katikati ya dashibodi, ambayo hufanya kazi hata kama taa zenyewe hazijawashwa, kisha usikilize. Rilei ikitoa mlio mdogo huku mota ikikaa kimya, umeme unapotelea kati ya vitu hivyo viwili.

Hapo ndipo maltimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, inapohitajika. Ukiwa umeacha plagi ya mota mahali pake, ingiza ncha za kipimo kwa nyuma na umwombe mwenzako abonyeze swichi. Unatarajia kuona takribani volti 12 kwenye waya unaoleta umeme. Kisha pima kati ya waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi, na chuma kitupu cha bodi wakati mota inajaribu kuzunguka: kipimo kikizidi nusu volti, ethi hiyo ni mbovu hata kama kwa macho inaonekana nzima. Kwenye gari langu taa ya kushoto iligoma jioni moja karibu na Daraja la Selander, na gereji niliyoipeleka ikaniambia mota imekufa. Tatizo lilikuwa bolti ya ethi iliyoota kutu chini ya rangi. Ilitosha kuifungua, kuisugua kwa msasa hadi chuma king’ae, kuirudisha na kuipaka grisi juu yake ili unyevu wa masika usirudi.

Ikiwa umeme unafika vizuri na mota haizunguki, sasa unayo sababu ya kuifungua. Toa kwanza waya wa hasi wa betri, ambayo kwenye gari hili iko ndani ya buti. Usiipuuze hatua hii, kwa kuwa mkono wa mota una nguvu ya kuponda kidole. Ondoa kifuniko cha mpira kilicho juu ya mota na uzungushe kitufe kilicho chini yake kuelekea mwendo wa akrabu za saa mpaka taa iinuke kabisa. Kitufe hicho ndicho pia kitakachokufikisha nyumbani siku taa zikigoma barabarani gizani. Weka alama ya rangi mahali mkono ulipokaa kwenye mhimili, kisha ushikilie mkono kwa spana moja unapolegeza nati kwa nyingine, ili nguvu yako isiishie kwenye meno ya gia.

Ukishafungua mfuniko utakuta grisi iliyogeuka kama nta. Ifute yote, safisha kisahani cha shaba kwa msasa laini sana na dawa ya kusafishia viungo vya umeme, na ukunje kidogo vijiti vya mguso, yaani vile vinavyogusa kisahani hicho, kama vimelegea. Paka gia grisi nyeupe ya lithiamu, lakini kisahani kisipakwe grisi nyingi, kwa kuwa ikizidi hukusanya vumbi la shaba na kuurudisha ugonjwa ule ule. Angalia pia bushi za plastiki (vipete vya kwenye maungio) kwenye fito. Zikiwa zimelika, taa itatikisika barabarani hata kama mota ni nzuri.

Ukimaliza kufunga, inua na kushusha taa mara kadhaa kabla ya kubana kila kitu, uhakikishe vifuniko havikwaruzi bodi. Kisha egesha kwenye sakafu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, na urekebishe mwanga wa chini hadi ukingo wake wa juu uwe takribani sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa. Sisi huendesha kushoto kama Japani, hivyo mwanga unapaswa kuinuka kidogo upande wa kushoto. Ukiona unainuka kulia, taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi wanakoendesha kulia, nayo itawamulika machoni madereva wanaokuja mbele yako.