Ngozi iliyobaki baada ya kupungua: jinsi ya kuiomba bima ya Marekani ilipie upasuaji

Mtu akipungua pauni mia na zaidi, iwe kwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, kwa sindano au kwa kujinyima, ngozi haipungui naye. Inabaki ikining'inia tumboni, mapajani na mikononi, na hakuna zoezi linaloirudisha. Kwa Waswahili tunaoishi Marekani swali ni moja: je, bima inaweza kulipia kuiondoa? Inaweza, ila bima hailipii sura, inalipia ugonjwa. Ukiomba kwa sababu nguo hazikukai vizuri, umeshakosa. Ukiomba kwa sababu chini ya mkunjo wa tumbo kuna fangasi na vidonda visivyokoma, hapo una hoja. Ndiyo maana kazi kubwa ya ombi hili hufanyika miezi mingi kabla ya fomu kujazwa.

Jua kwanza unaomba nini

Upasuaji ambao bima hukubali mara nyingi zaidi unaitwa panikulektomi: kukata ile ngozi na mafuta yanayoning'inia chini ya kitovu, basi. Msimbo wake kwenye makaratasi ni 15830. Abdominoplasti ni kitu kingine. Humo daktari hukaza misuli ya tumbo na kukiweka kitovu upya, na kampuni nyingi huihesabu kuwa urembo. Ukisema "nataka tumbo liwe bapa" mbele ya daktari, ujue maneno hayo yanaweza kuingia kwenye faili na kukurudia. Mikono na mapaja huombwa kwa misimbo yake, na kuyapatia kibali ni kugumu zaidi kuliko tumbo.

Soma masharti ya kampuni yako

Kampuni nyingi za bima huweka mtandaoni sera yao ya kitabibu kuhusu panikulektomi. Tafuta ya kwako, au piga namba iliyo nyuma ya kadi uombe utumiwe. Ni haki yako kupata mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Taja "Swahili" mara tu simu inapopokelewa. Usimpe mwanao kazi hiyo. Hata sheria inawakataza watoa huduma kumtegemea mtoto kutafsiri, isipokuwa kwa dharura, na haya si mazungumzo ya kumwekea mtoto.

Masharti hutofautiana, lakini utakayokutana nayo sana ni haya: ngozi ishuke hadi usawa wa mfupa wa kinena au chini yake, pawe na upele au maambukizi yanayojirudia licha ya matibabu ya miezi mitatu, pengine sita, uzito uwe umetulia kwa angalau miezi sita, na kama ulipungua kwa upasuaji wa tumbo la chakula, iwe imepita miezi 12 au 18. Baadhi huongeza kwamba ngozi ikuzuie kutembea, kufanya kazi au kujisafisha.

Angalia pia mkataba wenyewe wa bima, hasa ukiwa umepewa na mwajiri. Kama umeandikwa wazi kwamba kuondoa ngozi hakulipiwi kwa hali yoyote, hata ushahidi mzito wa daktari unaweza usisaidie. Bora ulijue hilo mapema, ukiwa bado na nafasi ya kuchagua mpango mwingine kipindi cha kujiandikisha kikifika.

Jenga faili

Hapa ndipo maombi mengi ya watu wetu yanapokufa, na chanzo ni adabu. Daktari anaingia, anauliza hali, nasi tumelelewa kujibu "nzuri" kwanza hata tukiwa hoi. Shida itafuata baadaye, taratibu. Daktari wa huku hasubiri hiyo baadaye. Anaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko, na miezi sita mbele mkaguzi wa bima anakuta ukurasa mtupu. Kwa mkaguzi, kisichoandikwa hakikutokea.

Kwa hiyo nenda kwa daktari wako wa kawaida kila upele unaporudi, na utaje shida kabla ya mengine yote. Mwambie uko wapi, umeanza lini, unanuka au unatoa majimaji, umepaka nini na kwa muda gani. Omba atazame, asiishie kusikiliza. Kuna tofauti kubwa kati ya faili linalosema "mgonjwa hapendi ngozi yake" na linalosema "intatrigo (upele wa kwenye mikunjo ya ngozi) chini ya mkunjo wa tumbo, ngozi imechubuka upande wa kulia, ametumia klotrimazoli (dawa ya fangasi) wiki sita, imepoa kisha imerudi". La pili ndilo linalolipiwa. Dawa za kupaka unazonunua mwenyewe dukani hazionekani popote, kwa hiyo omba ziandikwe kwa cheti au zitajwe kwenye faili, na utunze risiti. Siku usizoweza kwenda, tuma ujumbe kupitia akaunti yako ya hospitali mtandaoni. Ujumbe huo unabaki na tarehe yake.

Jambo jingine linalosahaulika: kwenye ngozi nyeusi upele huu mara nyingi hauonekani mwekundu. Huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu, na ukiisha huacha doa. Mkaguzi anayetafuta wekundu kwenye picha anaweza asione kitu. Mwombe daktari aeleze kwa maneno kile anachokiona, na picha zipigwe penye mwanga wa kutosha.

Picha zenyewe hupigwa kliniki, umesimama wima bila nguo upande wa chini: moja ya mbele, moja ya kila upande, kisha nyingine mkunjo ukiwa umeinuliwa ili mahali palipoathirika paonekane. Uso hauhitajiki. Mwanamke akitaka apigwe na mwanamke mwenzake, au awepo mtu wa kumsindikiza chumbani, aseme wakati anapanga miadi. Ni ombi la kawaida, usione haya. Wewe pia piga za kwako nyumbani kila upele unaporudi, zenye tarehe.

Uzito upimwe kliniki kila mwezi au miwili. Mizani ya nyumbani haihesabiki.

Ombi lenyewe

Ombi la kibali, yaani la kuitaka bima ikubali kabla ya upasuaji, halitumwi na mgonjwa. Linatumwa na ofisi ya daktari wa upasuaji rekebishi, na hakikisha yumo kwenye mtandao wa bima yako, yaani orodha ya madaktari wenye mkataba nayo. Ulizia kabla ya miadi ya kwanza kama anafanya panikulektomi kupitia bima, kwa maana wapo wanaopokea fedha taslimu tu. Ukivuta sigara au kitu chochote chenye nikotini, atakutaka uache wiki kadhaa kabla, kwa sababu nikotini huzuia kidonda kupona. Waliopungua kwa upasuaji wa tumbo la chakula wataulizwa pia kuhusu protini, madini ya chuma na vitamini B12.

Kabla hawajatuma, omba kusoma barua. Iwe imejibu kila sharti la sera moja baada ya jingine, tena kwa maneno ya sera yenyewe. Pamoja nayo ziwepo picha, kumbukumbu za daktari wako wa kawaida, orodha ya dawa zenye tarehe, na rekodi ya uzito. Barua nzuri ya mpasuaji isiyo na kumbukumbu za daktari wa kawaida ni nusu ya ombi.

Walio na Medicare ya kawaida, ile bima ya serikali ya wazee na baadhi ya wenye ulemavu, wajue kuwa tangu Julai 2020 panikulektomi inayofanyiwa kitengo cha wagonjwa wa nje cha hospitali inahitaji kibali cha awali. Kuanzia 2026, mipango ya Medicare Advantage (Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi) na Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) inatakiwa kujibu ombi la kawaida ndani ya siku 7 na kutaja sababu mahususi ikikataa.

Wakikataa

Wengi hukataliwa mara ya kwanza, kisha wanakata tamaa. Usifanye hivyo. Isome barua, utafute ni sharti gani wanadai halikutimia. Mara nyingi ni karatasi iliyokosekana. Mpasuaji anaweza kuomba kuzungumza kwa simu na daktari wa kampuni, na pengine mambo yakaishia hapo.

Yasipoisha, kata rufaa. Kwa bima nyingi za binafsi na za kazini una siku 180 tangu upate barua ya kukataliwa, na kwa huduma ambayo bado hujaipata wanapaswa kuamua ndani ya siku 30. Dai nakala ya faili lako lote walilotumia kuamua, ni bure. Jibu sababu waliyoitoa, si zile ambazo hawakuzitaja, na ongeza ushahidi mpya. Wakikataa tena kwa hoja ya kitabibu, una miezi minne ya kuomba mapitio ya nje. Hayo hufanywa na mtu asiye wa kampuni, kwa kawaida ndani ya siku 45, na uamuzi wake unaibana kampuni. Medicaid na Medicare zina njia na tarehe zake, zimeandikwa kwenye barua yenyewe. Tuma kwa njia inayokupa uthibitisho wa kupokelewa.

Kibali kikitoka

Angalia tarehe ya mwisho ya kibali, msimbo ulioidhinishwa na hospitali iliyotajwa. Kimoja kikibadilika, kibali kinaweza kuhitaji kuombwa upya. Ukitaka daktari aongeze kukaza misuli wakati huohuo, sehemu hiyo utalipa mwenyewe, kwa hiyo pata bei kwa maandishi. Uliza pia utakachochangia kabla bima haijaanza kulipa. Wengine hupanga upasuaji uangukie mwaka ambao mchango huo wameshaumaliza, na ni akili nzuri.

Kazini, kama mwajiri ana wafanyakazi 50 au zaidi, nawe umefikisha miezi 12 na saa 1,250 za kazi, unaweza kustahili likizo ya hadi wiki 12 isiyo na malipo lakini inayolinda ajira yako. Fomu yake hujazwa na daktari, mpelekee mapema. Utarudi nyumbani pengine na mirija ya kutoa majimaji na mkanda wa tumbo, na kwa wiki kadhaa hutainua ndoo wala mtoto, kwa hiyo mtafute wa kukusaidia kabla ya tarehe ya upasuaji.