Kabla ya kuhamia Uingereza na watoto: nani atakaa na mtoto?

Nesi wa Tanzania akishapata barua ya ajira kutoka hospitali ya Uingereza, mazungumzo yote nyumbani huwa ya viza. Imetoka? Bado? Inachukua muda gani? Viza ina utaratibu wake, na mwenye karatasi zilizonyooka huipata. Kinachozitesa zaidi familia zenye watoto wadogo ni jambo ambalo fomu haiulizi popote: mama akiingia zamu saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa mbili usiku, baba naye akiwa kazini, mtoto wa miaka miwili yuko kwa nani?

Huku nyumbani swali hilo lina majibu mengi. Kuna dada wa kazi, kuna bibi, kuna mama mkubwa, na wote wakikosekana kuna jirani. Majibu hayo karibu yote hayavuki mpaka. Dada wa kazi hawezi kuombewa viza kama sehemu ya familia. Bibi anaweza kuja kuwasalimia, kwa kawaida kwa miezi 6, lakini viza ya matembezi haimruhusu kugeuzwa mlezi wa kudumu, na akijieleza hivyo uwanja wa ndege anaweza kurudishwa na ndege inayofuata. Mtanzania mwenzenu wa mtaa wa pili anayekaa na watoto wa watu? Nchini England, anayelipwa kulea mtoto wa chini ya miaka 8 nyumbani kwake kwa zaidi ya saa 2 kwa siku anatakiwa awe amesajiliwa, kwa kawaida na Ofsted, chombo kinachokagua shule na vituo vya malezi. Muulizeni kwanza kama ana usajili.

Kumwachia mtoto wa darasa la tatu amtunze mdogo wake, jambo la kawaida kabisa kwetu, msilifikirie. Sheria haitaji umri kamili, ila mtoto mdogo akikutwa bila mtu mzima, maofisa wa ustawi wa jamii watabisha hodi. Na kwa kuwa tumegusa hapo: Scotland ilipiga marufuku adhabu ya viboko hata nyumbani mwaka 2020, Wales mwaka 2022. England bado inaacha mwanya wa "adhabu ya kiasi", mwanya mwembamba ambao mzazi mgeni hana sababu ya kuujaribu.

Sasa chukueni kalamu. Kwa mwaka wa fedha 2025/26, mshahara wa nesi wa Daraja la 5 katika NHS ya England, yaani huduma ya afya ya umma, ulianzia pauni 31,049 kwa mwaka. Ukikatwa kodi, bima ya taifa na pensheni, kinachofika benki ni karibu pauni 2,000 kwa mwezi. Tena hiyo ni baada ya kufaulu mtihani wa vitendo wa NMC, baraza la wauguzi. Kabla ya hapo wengi hulipwa daraja la chini yake. Kituo cha kulelea mtoto wa chini ya miaka miwili, siku tano kwa wiki, kinaweza kumeza pauni 1,000 na zaidi kwa mwezi. Mtasikia habari ya saa 30 za malezi ya bure kwa wazazi wanaofanya kazi, ambazo tangu Septemba 2025 zinaanzia kwa mtoto wa miezi 9. Hizo si zenu. Viza ya kazi huwa na sharti la kutotumia fedha za umma, na ikiwa wazazi wote wawili mna sharti hilo, saa 30 hampati. Mtakachopata ni saa 15 kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, anazopewa kila mtoto wa miaka 3 na 4, kuanzia muhula unaofuata siku ya kutimiza miaka 3. Hata posho ya mtoto ambayo majirani zenu wanapokea kila mwezi haiwahusu.

Tena kituo kikishalipwa, hufungwa mapema kuliko zamu inavyokwisha. Vingi hufunga saa kumi na mbili jioni. Shule ndiyo kabisa: watoto wanatoka saa tisa au tisa na nusu alasiri. Kwa hiyo katika ndoa ya nesi, mmoja lazima awe na kazi inayopinda kumfuata mtoto, na mara nyingi huyo ni mwenza aliyekuja kama mtegemezi. Viza yake inamruhusu kufanya karibu kazi yoyote, lakini ratiba ya hospitali ndiyo itakayomchagulia. Wengi huishia ghala usiku, usafi alfajiri, au kupeleka vyakula jioni.

Hapo ndipo pa kukaa chini kuzungumza, tena kwa uwazi, kabla ya kulipa hata shilingi. Manesi wetu wengi ni wanawake. Mume aliyekuwa mhasibu Dar es Salaam, mwenye gari na watu wa chini yake, anafika mahali ambapo mkewe ndiye mwenye mkataba, mwenye jina kwenye barua na mwenye mshahara wa kutegemewa, na yeye ndiye anayesukuma kigari cha mtoto kwenda kituoni. Wapo wanaolipokea vizuri, wengine hata wanafurahia kuwajua watoto wao. Wapo pia wanaosema "sawa, tutaona", na hiyo "tutaona" inalipuka miezi mitatu baadaye, gizani, kwenye baridi, bila mjomba wala shangazi wa kuja kusuluhisha. Mwulizane mapema: nani atapunguza kazi? Hadi lini? Fedha ya kutuma kwa wazazi itatoka mfuko gani? Mume akitaka kusomea upya taaluma yake, nani atamlipia? Asiye na majibu asikate tiketi.

Ushauri wangu, na najua wengi hawaupendi, ni kwamba mwenye kazi atangulie. Hospitali nyingi humpokea mwajiriwa mpya katika chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi, na mara nyingi watoto hawaruhusiwi humo. Kupanga nyumba ya familia ukiwa bado Mbagala ni vigumu: mwenye nyumba anataka kuona hati za mshahara, anataka mdhamini anayeishi Uingereza, na kwa England lazima ahakikishe kwamba una haki ya kuishi nchini. Amana kwa sheria ya England haizidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba za kawaida, kwa hiyo anayedai miezi mitatu ya amana anawadanganya. Na msimtumie mtu hela ya nyumba ambayo hakuna mwenzenu aliyeingia ndani akaiona. Miezi michache ya kutengana inaumiza, lakini mtangulizi akishapata nyumba, akajua kituo chenye nafasi na akaomba zamu zinazoeleweka, familia inashukia mahali palipoandaliwa.

Upande wa karatasi, balaa kubwa ni majina. Watoto wengi wana tangazo la kuzaliwa la hospitali tu. Linalotakiwa ni cheti cha RITA. Jina la mama kwenye cheti cha mtoto lifanane na la pasipoti yake, herufi kwa herufi, na cheti cha ndoa kiwe kimesajiliwa. Marekebisho yana foleni, kwa hiyo anzeni hapo kabla ya pasipoti. Mzazi anayekuja na mtoto bila mzazi mwenzake ajiandae kuthibitisha kwamba ndiye mlezi pekee. Kila anayekuja kwa zaidi ya miezi 6 anahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza, nacho hudumu miezi 6 tu. Ukipima mapema mno utapima tena. Kadi ya kliniki ya mtoto ibebwe mkononi, isiwekwe kwenye sanduku, maana daktari wa kule ataitumia kujua chanjo za kuongeza, kama ile ya matumbwitumbwi ambayo haimo katika ratiba yetu.

Aina ya viza nayo ina bei yake. Wenye viza ya Afya na Huduma wamesamehewa tozo ya afya, pamoja na familia zao. Mhandisi anayekwenda kwa viza ya kawaida ya ujuzi hulipa pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto kwa kila mwaka. Wazazi wawili na watoto wawili kwa miaka 3 ni pauni 10,866, zinazolipwa zote kwa mkupuo kabla ya safari. Mwulize mwajiri kama anazibeba. Pia familia hiyo ya watu wanne hutakiwa kuonyesha pauni 2,070 zilizokaa benki siku 28 mfululizo, isipokuwa mwajiri athibitishe kwenye cheti cha udhamini, ile hati ya mwajiri ya kuombea viza, kwamba atawahudumia.

Kuhusu mawakala nitakuwa mfupi. Tangu 11 Machi 2024 wahudumu wa matunzo, wale wanaotunza wazee na wagonjwa, hawaruhusiwi kuleta familia, na tangu 22 Julai 2025 kazi hiyo imefungwa kabisa kwa anayeajiriwa kutoka nje. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye uhaba wa wahudumu wa afya, na kanuni za Uingereza haziruhusu waajiri wala mawakala kuja kuwasaka manesi huku; nesi huomba mwenyewe, moja kwa moja. Ada ya cheti cha udhamini ni ya mwajiri, na tangu 31 Desemba 2024 haruhusiwi kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Anayekuuzia cheti anakuibia.

Mizigo isiwasumbue. Plagi za kule ni zile zile za pini tatu tunazotumia, baadhi ya nyumba za kupanga zina umeme wa kulipia kabla kama LUKU, na makoti ya watoto hupatikana kwa bei ndogo katika maduka ya hisani. Leseni yako itakuruhusu kuendesha kwa miezi 12, kisha utafanya mtihani wao. Mtoto akae kwenye kiti maalumu cha gari hadi miaka 12 au urefu wa sentimita 135, hata kwenye gari la rafiki aliyekuja kuwapokea.

Shule ya msingi ya serikali ni bure, na mtoto huanza Septemba baada ya kutimiza miaka 4. Darasa hupangwa kwa umri, tarehe ya kukatia ikiwa 31 Agosti, kwa hiyo msishtuke wa darasa la kwanza akiwekwa mwaka wa pili au wa tatu.

La mwisho ni akiba ya kurudi. Kazi ikikatika, kwa kawaida mwajiriwa hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine, na viza za wote zinaning'inia kwenye yake. Kiwanja msikiuze. Mtumishi wa umma aulize kwanza habari ya likizo bila malipo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, na nauli ya familia nzima ikae kwenye akaunti isiyoguswa na mtu.