Shule ya Jumapili bila kuchoka: mpangilio wa saa moja

Bwana asifiwe. Kila wiki naulizwa lilelile: "Nilianza na moto, sasa Jumapili ikikaribia roho inakuwa nzito. Furaha imeenda wapi?" Naandika mara moja, mwingine akiuliza nitamwelekeza hapa. Kazi ya watoto inamchosha anayeingia peke yake, bila maandalizi, Jumapili zote za mwaka. Ukiondoa hayo matatu, furaha inarudi yenyewe, maana watoto wanayo tele.

1. Zamu ya wawili wawili. Jumapili mbili mnafundisha, mbili mnakaa ibadani, nanyi mlishwe Neno.

2. Andaa Alhamisi. Jumamosi usiku stationari zimefungwa.

3. Daftari: jina, umri, simu ya mzazi, chakula kinachomdhuru.

4. Gawa umri: 3–5, 6–8, 9–12. Hakuna vyumba? Mikeka mitatu chini ya mwembe.

5. Nyimbo mbili za kuruka, dakika 10, kabla ya kisa. Ukiziweka baada ya kisa, hawatatulia tena.

6. Kisa. Hapa ndipo wengi tunaharibu, nami nimo. Chukua Zakayo, Luka 19:1–10: mtoza ushuru mfupi aliyepanda mkuyu amwone Yesu, kisha akaahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya. Wadogo wape dakika 7, wakubwa 15, na jambo moja tu: Yesu alimwita kwa jina. Ukianza kueleza kodi ya Warumi, umewapoteza. Waigize: mmoja apande benchi, ndio mkuyu; wengine wasongamane wamzibe. ONYO: usitumie kiti cha plastiki, kinateleza sakafuni, na mwalimu mmoja asimame ameshika benchi. Kwa wa 9–12, leta maharage. Zakayo amemnyang'anya jirani punje 3. Arudishe mara nne. Waache wahesabu wenyewe mpaka 12, utaona macho yanavyowatoka jirani akijaziwa kiganja. ONYO la pili: maharage yasifike mkeka wa wadogo. Watayatia puani, yakilowa yanavimba, na hapo ni zahanati.

7. Mstari wa moyo, wa kukariri: "kutafuta na kuokoa kile kilichopotea." Wadogo inawatosha hiyo.

8. Kumkabidhi kila mtoto kwa aliyemleta, jina likitiwa alama. Mlango usifunguliwe kabla.

MASWALI

— Mwalimu, nitumie somo zima WhatsApp.
Somo ni hilo hapo juu. Anza namba 1.

— Nina watoto 60, niko peke yangu. Nifanyeje?
Namba 1, dada. Usianze na mbinu, anza na mchungaji: mwombe atangaze ibadani kwamba darasa halifunguliwi bila watu wazima wawili. Hata watoto wangekuwa watano, ningesema hivyohivyo. Ni ulinzi wao na wako.

— Dakika 7? Zamani tulikaa saa nzima kimya.
Kimya si kusikiliza, kaka. Waulize mwisho wa saa Zakayo alipanda wapi.

— Pipi kwa anayejibu, vipi?
Hapana. Wawili watajibu kila wiki, waliobaki wataacha kunyoosha mkono. Kama zipo, wape wote wakati wa kuondoka.

— Kuna mtoto wa miaka 6 hasemi kabisa, hata kuimba. Nimwache?
Asante kwa kumwona. Usimlazimishe mbele ya wenzake. Mpe kazi ya mikono: kugawa kalamu za rangi, kukunja mkeka. Keti karibu naye, mwite jina lake unapompa kitu, na mtazame usoni. Ongea na mzazi pia: anaongea nyumbani? Anasikia vizuri? Huenda lugha ya nyumbani si Kiswahili. Basi jifunze salamu yao. Ukisikia siku moja anakuitikia kwa sauti ndogo, usishangilie kwa kelele. Endelea kama kawaida.

— Gundi inatumaliza fedha za darasa.
Pika. Vijiko 3 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha maji baridi, koroga mpaka mabuje yaishe ndipo uweke motoni, usiache kukoroga mpaka uwe uji mzito. Ipoe. Pika ya Jumapili hiyo tu, inachacha.

— Unga wa sembe unafaa?
Haushiki vizuri. Wa muhogo unashika.